Nilivyompata babu wa ukoo kupitia vibali vya ardhi vya askari

Kwa miezi mitatu nilimtafuta babu wa ukoo wa mume wangu, aliyepigana vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza, kwenye hati za ardhi za Marekani. Wapi! Nilibadilisha tahajia ya jina, nikapekua jimbo baada ya jimbo, bila mafanikio.

Askari wa zamani walipewa na serikali vibali vya kudai ardhi kama zawadi ya utumishi wao. Kumbe wengi waliuza vibali hivyo, na hati ya ardhi ikatolewa kwa jina la mnunuzi. Kwenye tovuti ya Bureau of Land Management, idara ya Marekani inayosimamia ardhi za umma, nikaandika jina la babu na kuchagua kutafuta mwenye kibali, si mwenye ardhi. Akatokea: ekari 160, jimbo la Iowa, kwa sheria ya 1855 ya kuwapa askari ardhi.

Kwa namba ya kibali iliyoonyeshwa hapo nikaagiza jalada la maombi yake ya kibali kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington. Humo mzee anataja umri wake, makazi yake na kapteni wake. Mahali pa sahihi ametia alama ya X, wino umevuja kidogo. Mume wangu aliigusa kwa kidole, akanyamaza.