Kanga badala ya firimbi

Leo asubuhi nilikuwa Chake Chake, kwenye skuli moja yenye darasa la watoto viziwi. Mwalimu wao ni jamaa yangu, kaniomba nimsaidie kipindi cha michezo.

Firimbi hakuna. Mwalimu ana kanga nyekundu. Ikipanda, mbio. Ikishuka, simama hapo hapo ulipo.

Na wanasimama kweli! Miye ndiye nilokuwa napitiliza.

Kisha akatandaza kamba mchangani, wapite juu yake peku, mguu mbele ya mguu. Mnaona mchezo wa kitoto, lakini sikio la ndani halina kazi ya kusikia tu, ndilo pia linalotusaidia kushika mizani ya mwili. Ndiyo maana baadhi ya watoto viziwi huyumba, hasa gizani, macho yasipowasaidia.

Kuna mmoja, kisichana cha miaka saba hivi. Akifika katikati anaambiwa kwa ishara: fumba macho, simama.

Vidole vya miguu vikaing'ang'ania kamba. Mikono kaitanua. Akayumba kushoto, akarudi. Halafu jicho moja likafunguka kidogo, kuchungulia kama mwalimu anamwona 😂

Anamwona bwana! Akarejeshwa mwanzo, naye anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Mashaallah, nimechoka lakini roho kunjufu.

Wiki ijayo tunarudi, tunataka michezo mipya ya kuruka na kudaka isiyohitaji sauti. Nyie mlicheza nini utotoni? Tupeni hapo chini 👇