Siku kifuniko cha Primus kilipomuua mfalme pale Kadutu

Kwanza niwaambie mi si mchezaji mkubwa wa esheki, yaani chesi, kombe sijawahi kushika, nauza mega za intaneti na chaja hapa Kadutu basi, lakini kuna kitu kimoja kwenye huu mchezo kilinisumbua karibu mwaka mzima na nimelipa sahani nyingi sana za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa ajili yake, sasa nimekielewa, acha niandike.

Mchezo wenyewe huku Bukavu, Kongo, tunauita esheki, kutoka Kifaransa, najua Wakenya na Watanzania mnasema chesi na kamusi inasema sataranji, vyovyote tu, ubao ni ule ule wa nyumba 64. Kuna mfalme, malkia, mnara, farasi, pioni, na yule ambaye ninyi mnamwita askofu kwa Kifaransa jina lake ni fou, yaani kichaa, so sisi tunamwita Kichaa na hata mapadri wakipita hapo hatumbadilishii jina.

Ugonjwa wangu ulikuwa hivi. Nikiona jamaa amepiga roki, mkono unaanza kuniwasha. Kwa wasiojua, roki ni ile hatua mfalme anaruka nyumba mbili kwenda pembeni na mnara wake unaruka juu yake unakaa upande wa pili, roki ndogo ni upande wa mfalme, roki kubwa ni upande wa malkia. Ukipiga roki ndogo mfalme anakaa g8 (kama una nyeusi; herufi ni kolone, yaani safu ya wima, namba ni mstari wa kulala), mbele yake pioni watatu, f, g na h, mnara f8 pembeni, anajisikia kama bwana amefunga geti usiku. Na mimi lile geti nilikuwa nalipiga na mnara wangu. Kila mara. Mnara unakula pioni wa h7, mfalme anakula mnara, malkia wangu anaruka h5, esheki (ndivyo tunavyosema pia mfalme akitishiwa), watu pembeni wanapiga kelele, na mfalme anarudi g8 taratibu. Alafu? Alafu hakuna kitu. Malkia amesimama h5 peke yake kama mgeni aliyefika arusini siku si yake, na mimi nimebaki bila mnara, ambao kwa hesabu ya kawaida ni pointi 5, wakati farasi ni 3, kichaa 3, malkia 9.

Kosa si langu peke yangu lakini. Usiku mmoja umeme umerudi kama saa sita nikawa naangalia kwenye simu mchezo wa Mmarekani Bobby Fischer na Mdenmark Bent Larsen, Portorož 1958, wakati ule ilikuwa Yugoslavia bado, Fischer ana miaka 15 tu. Larsen amepiga roki ndogo, kolone ya h imefunguka lakini farasi wake amekuja kusimama h5 anaiziba. Fischer akachukua mnara wake akala yule farasi. Larsen akala mnara na pioni wa g, na hapo ukuta wake ukapasuka, pioni wa Fischer akaingia g6, kwenye hatua ya 31 kijana akampiga esheki na malkia, Larsen akakubali ameshindwa. Mimi nikaona tu mnara umetolewa. Sikuona kwamba kabla ya hapo yule kijana alikuwa ameshajipanga, kichaa wake yuko b3 anaangalia f7 kutoka mbali, pioni wa g ameshafika g5 anangoja, malkia yuko d2. Niliona kisu, sikuona jinsi ng'ombe alivyofungwa miguu.

Pale tunapocheza ni kibarazani kwa fundi viatu mmoja, mzee, wote tunamwita Papa Fundi. Ubao ni wake, alichora kwenye kipande cha triplai, vipande vingine vimepotea miaka mingi. Mnara mmoja mweupe haupo, mahali pake tunaweka kifuniko cha chupa ya bia ya Primus. Mkumbuke hicho kifuniko.

Papa Fundi hachezi sana siku hizi, macho, lakini anaangalia huku anashona. Siku niliyotoa mnara bure mara ya tatu kwa siku hiyo hiyo, akaweka sindano chini.

“Mwana, ule munara ulikuwa na ubaya gani?”

“Papa, nilikuwa nafungua njia.”

“Njia ya nani? Nani alipita?”

Nikaangalia ubao. Hakuna aliyepita. Malkia angeweza kwenda h5 hata kama mnara ungebaki nyumbani, mnara haukuwa unamzuia kitu chochote, nilikuwa nimechoma nyumba kwa sababu ya moto kuwa mzuri kuangalia tu. Papa akafuta vipande vyote, akapanga vichache. Mfalme mweusi g8, mnara mweusi f8, pioni weusi g7 na e6. Pioni mweupe g6, yaani uso kwa uso na yule wa g7. Pioni wa h hakuna hata mmoja. Alafu mnara mweupe h1 na malkia mweupe d1 kwenye mstari ule ule wa chini. “Ua,” akasema, akarudi kwenye kiatu.

Nilikaa pale nafikiri kama nusu saa, wateja wangu wa mega wananiita mpaka wamechoka. Malkia akifika h7 ni mati, yaani mfalme amekwisha, hiyo niliona haraka, maana pioni wa g6 anamlinda na anaziba f7 pia. Lakini malkia atafikaje kolone ya h kwa esheki? Kwenye h1 kuna nani? Kuna mnara wangu mwenyewe! Nikisema niusogeze kwanza h4 alafu nilete malkia h1, nimempa mwenzangu nafasi ya kupumua. Mnara ulikuwa kama lile lori linalokwama mvua ikinyesha kwenye barabara ya kupanda huku kwetu, pikipiki zote nyuma yake zinapiga honi, lori si bovu, limekaa tu mahali ambapo wengine wanatakiwa kupita. Na lori la hivyo hulirudishi nyuma polepole, unalisukuma mbele liende zake. Mnara h8, esheki! Mfalme lazima aule, f7 hawezi kukimbilia, pioni wa g6 anaiangalia. Ameula. Sasa h1 iko wazi, malkia h1, esheki, mfalme anarudi g8, malkia h7, mati.

Nikaruka. Papa Fundi hakuinua hata kichwa, “njo unaona sasa.” Baadaye nikatafuta nikakuta kwamba hiyo mati ina jina, mati ya Damiano, alikuwa Mreno muuza dawa, kitabu chake cha mchezo kilichapwa Roma mwaka 1512, yaani zaidi ya miaka 500 watu wanakufa kwa njia hiyo hiyo.

Kuanzia hapo nikabadilisha swali. Zamani nilikuwa najiuliza je, huu mnara nikiutoa itapendeza? Sasa najiuliza ukitoka, nani anapita ambaye alikuwa hapiti. Kama hakuna, nakaa kimya. Na kingine nilichojifunza kwa maumivu, kila hatua baada ya mnara iwe esheki, maana ukimpa jamaa hatua moja tu ya bure anatumia ule mnara wako kukununulia sanda. Wiki nyingi zilipita sijatoa mnara hata mmoja, vijana wakaanza kuniita mwoga, sawa, na sambaza nikaacha kulipa.

Basi ikaja Jumamosi moja, mvua ile ya Bukavu isiyokuwa na haraka, watu wamejibana kibarazani hata wasiojua esheki. Kuna kijana anasoma sheria, tunamtania tunamwita Metre, kama wanavyoitwa mawakili kwa Kifaransa, ana mdomo sana na anacheza vizuri, lazima niseme ukweli. Tukawekeana sahani ya sambaza na bugali. Mimi nina nyeupe. Yeye akapiga roki ndogo mapema, mimi nikapiga roki kubwa, kila mtu anakimbilia kumpiga mwenzake upande wake, michezo ya hivyo ni mbio tu, anayechelewa hatua moja anazikwa.

Na mimi nilianza vibaya. Nilipoteza kichaa mmoja kijinga kabisa, sitaki hata kueleza. Alafu tukabadilishana minara kule d1, yeye akala na mnara, mimi nikarudisha na malkia, so malkia wangu akabaki d1, mfalme wangu c1, farasi wangu baadaye akaja d2 akabanana nao, na kule mbali h1 umebaki mnara wangu wa mwisho, ambao ni nani? Kifuniko cha Primus.

Metre alikuwa amesukuma f6 na h6 mapema kwa kuogopa. Nikapeleka pioni h4, nikapeleka g4, nikafika g5. Akala na pioni wa h, nikala na pioni wangu wa h, kolone ikafunguka mpaka kwake. Hapo angekula tena na f6 ningekuwa sina kitu. Lakini mtu akiona anashinda haangalii miguu yake, akaleta malkia b4, ananiangalia b2, anacheka, “yaya, sambaza leo nyingi pilipili eh,” yaya huku ni kaka mkubwa. Mimi nikasukuma g6. Kimya kimya. Watu wakaona kama nimesukuma pioni kwa kukosa kazi.

Akachukua farasi wake wa c5 akamweka a4. Sasa anatishia malkia kula b2 na ni mati, farasi analinda, mfalme wangu hana pa kwenda, b1 malkia wake angeiangalia, nyumba nyingine zimejaa watu wangu mwenyewe. Wote kibarazani wakaona. Mmoja akaanza kuniambia nisukume b3 nijitetee, na mkono wangu kweli ukaenda kule, nikaurudisha. Nikakaa nahesabu na moyo unapiga mpaka masikio. Mfalme g8. Mnara wake f8. Pioni wake g7. Pioni wangu g6. Malkia wangu d1, e1 tupu, f1 tupu, g1 tupu. Ni ubao wa Papa Fundi! Alafu nikatafuta shimo, maana sambaza zilishanifundisha. Je, malkia wake anaweza kurudi kuziba pale h4? Anatoka b4, c4 wazi, d4 wazi, e4... e4 kuna pioni wangu, amekaa pale tangu hatua ya kwanza hana habari, anaziba njia. Kichaa wake wa b7 naye anagonga pioni huyo huyo. Hakuna wa kumsaidia mfalme.

Nikachukua kifuniko nikakitelezesha juu kolone nzima mpaka h8. “Esheki.”

Metre akacheka kabisa, akageukia watu, “amerudia ugonjwa wake, anatoa hata kifuniko.” Akala na mfalme, akakirusha pembeni. Malkia h1, esheki. Hapo kicheko kikapungua. Akagusa malkia wake, akamwacha, akagusa kichaa, akamwacha. Mfalme g8. Mimi sikusema neno, nikamsukuma malkia kwa kidole kimoja mpaka h7.

Nawaambia ile kelele mpaka mama wa jirani anayeuza makala, yaani makaa, akatoka kuangalia nani amegongwa. Metre alibaki anaangalia ubao muda mrefu, anahamisha mfalme f7, anamrudisha, h8, anamrudisha. Kwa heshima yake hakubisha. Akauliza tu ilikuwa wapi angejiokoa, na Papa Fundi ndiye aliyejibu, akachukua kisu chake cha ngozi akagusa nacho mnara mweusi wa f8. Akasema hata baada ya g6 ungeutoa tu hapa ukaupeleka kando popote, mfalme angepata mlango wa f8, malkia akigonga h7 yeye anatoka anakwenda zake. “Mwenzako munara wake ulimuziba, akautoa. Wako ulikuziba, ukauacha.”

Nilipofika nyumbani nikapanga mchezo wote kwenye Lichess, tovuti ya esheki, ile injini ikasema mambo mengi mabaya kuhusu hatua zangu za mwanzo, ile ya kupoteza kichaa sitaki hata kurudia ilivyoisema, na kwenye mnara h8 ikaandika mati kwa hatua tatu. Nikapiga picha nikamtumia Metre. Akajibu Jumatatu, turudie, ila safari hii yeye anachukua nyeupe.

Sambaza alilipa, nyingi pilipili kweli. Kifuniko ndicho hatujakiona tena, kilibingirika kutoka kibarazani kikaingia kwenye mtaro na maji ya mvua yakaondoka nacho kuelekea ziwani huko. Papa Fundi ameweka kingine, sasa ni cha Fanta, lakini mi bado sijakizoea.