Zipu nzima, njia ndefu
Leo nimefungua zipu (faili moja lililobana faili nyingi ndani yake) ya picha za ukoo kwenye kompyuta ya mjomba, bado iko Windows 7. Ikagoma: njia, yaani anwani ya faili ndani ya kompyuta, ndefu mno. Wengi wakiona hivyo hudhani zipu imeharibika, wanaifuta. Inaniuma sana, maana faili ni zima kabisa! Windows huhesabu kila kitu, kuanzia C: hadi herufi ya mwisho ya jina, folda zote zikiwemo, na kikomo ni herufi 260. Hii ilikuwa Desktop, folda ndani ya folda. Nikaihamishia C:\a, folda yenye njia fupi, nikaifungulia hapo. Zote zimetoka, hata za harusi ya bibi. Windows 10 inaruhusu kuondoa kikomo hicho tangu 2016, ila mpaka mtu abadili mpangilio kwanza.