Usiku kwenye Mtaa wa Congress, Tucson

Tucson ya Juni mchana hakutembeleki. Joto la jimbo hili la Arizona, Marekani, hupita nyuzi 40, na shemeji yangu alikataa katakata kunipeleka mjini kabla jua halijazama. "Utaungua bure, shemeji. Mji huu hujui watu wake mpaka usiku."

Kweli. Tuliposhuka kwenye tramu Mtaa wa Congress, njia ilikuwa imefurika watu. Mbele yetu taa za neoni ziliandika FOX kwenda chini, herufi moja moja.

Jumba hilo la sinema na maonyesho, Fox, lilifunguliwa tarehe 11 Aprili 1930, na mtaa mzima ulifungwa magari, lami ikapakwa nta ili watu wacheze dansi. Nta barabarani! Lilianza kujengwa kwa ajili ya vichekesho vya jukwaani pamoja na sinema bubu, lakini kabla halijakamilika filamu za sauti zikaingia, ikabidi mipango ibadilishwe. Kuta za ndani zikavikwa Acoustone, kitu cha kunyonya mwangwi. Nilipiga makofi kujaribu: sauti ikafa palepale. Dada wa kuonyesha viti akanitazama kwa jicho la "huyu naye katoka wapi", shemeji akajifanya hanijui.

Mwaka 1974 lilifungwa. Watu walihamia pembezoni mwa mji na biashara ikawafuata. Likabaki gofu wanamolala wasio na makazi. Wazee wa Dar wanaozikumbuka sinema za Avalon na Empress wanaijua habari hiyo, ila ya huku iliendelea: taasisi isiyo ya faida ililinunua mwaka 1999, ikatumia dola milioni 14 hivi na miaka sita kulikarabati. Sasa lina bendi, filamu za zamani, wachekeshaji. Nakshi zake ni nyingi kupita kiasi, nami nilizipenda hivyo hivyo.

Mwendo mfupi kuelekea mashariki ni Hotel Congress, yenye klabu ya muziki chini. Januari 1934 iliungua, na genge la jambazi John Dillinger lilikuwa limepanga humo. Waliwapa wazimamoto bakshishi wawatolee mizigo yao, iliyokuwa mizito ajabu kwa sababu ndani ni bunduki. Wazimamoto wakaja kuzitambua sura zao kwenye jarida, na siku chache baadaye Dillinger mwenyewe akatiwa mbaroni mjini humo. Tamaa ya mizigo!

Ng'ambo ya barabara ni ukumbi wa Rialto, wa mwaka 1920. Usiku huo ilikuwa kumbia, muziki wa dansi wa Amerika ya Kilatini, na viti vya chini vilikuwa vimeondolewa. Meksiko iko umbali wa kilomita 100 tu, kwa hiyo nyimbo zote ukumbi uliziimba kwa moyo, mabibi na wajukuu pamoja. Kwenye foleni ya maji (bei yake sitaisema, mke wangu atasoma) mama mmoja aligeuka aliposikia tunabishana.

"Muko Watanzania?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi natoka Uvira, Kongo."

Alikuja na binti yake, anayefanya kazi na wenzake Wameksiko. Kumbia aliipa alama nzuri, ila magitaa, alisema, yanakatishwa mapema mno. Wakongo wangeyaacha yaendelee mpaka asubuhi. Shemeji akataka kupinga. Nikamkanyaga mguu, tukarudi ndani kucheza.