Barua ya kibali sio ridhaa

Ukitaja maadili ya uchapishaji kwa watu wa vyuo, kila mtu anawaza kukopi na kupesti. Sawa, wizi wa maandishi upo, Turnitin, ile programu ya kukagua maandishi yaliyokopiwa, inatoa asilimia zake, af mtu anageuza geuza maneno mpaka asilimia zinashuka anajiona kamaliza. Ila mi huwa napitia pepa, yaani makala za utafiti, za jarida moja la elimu hapa Tanzania kabla hazijachapishwa, na kinachonikera zaidi Turnitin haiwezi kukiona. Ni ile sentensi ya mwisho kwenye sehemu ya mbinu za utafiti: "Kibali kilipatikana kutoka mkoani na halmashauri." Nukta. Maadili yameishia hapo, kama waliohojiwa wenyewe walikubali haisemwi.

Kibali chenyewe tunajua kinavyotembea. Chuo kinakuandikia barua, unaipeleka kwa RAS, yaani Katibu Tawala wa Mkoa, RAS anaandika kwa Mkurugenzi wa halmashauri, inashuka kwa afisa elimu, unafika shuleni na bahasha ina mihuri kibao na maneno "apewe ushirikiano". Sasa niambie, mwalimu wa Bahi au Chamwino, wilaya za Dodoma, akiiona barua ya Mkurugenzi, yaani mwajiri wake, ambaye uhamisho na madaraja yake vinapita ofisini kwake, atakuambia samahani mwanangu mi sitaki kuhojiwa? Hawezi. Atakukaribisha, atakuagizia soda, atakujibu kile anachodhani ofisi inataka kusikia.

Na watoto ndo kabisa. Mwalimu wa taaluma anaingia darasa la sita, "nyamazeni, mgeni wetu ana karatasi zake, kila mtu ajaze na asiangalizie", dodoso zinagawiwa kama mtihani wa wiki. Hapo nani kakubali? Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hata sekondari wengi wao bado ni watoto, mzazi anatakiwa ajue, na mtoto mwenyewe aulizwe kwa lugha anayoielewa na aambiwe wazi kwamba akikataa hachapwi wala hapunguziwi maksi. Halafu fomu za wazazi tunazotuma, jamani, kurasa tatu za Kiswahili cha tasnifu anapelekewa bibi huko kijijini ambaye maongezi yake ya siku nzima ni Kigogo. Zinarudi zote zimesainiwa, ukiziangalia vizuri mwandiko ni mmoja, kuna dada mkuu kakaa nyuma ya darasa kawasaidia wenzake. Bora usubiri kikao cha wazazi, ueleze kwa mdomo, mwenyekiti wa kijiji akusaidie kutafsiri, af ndo umfuate mzazi mmoja mmoja maana mkutano kupiga makofi sio ridhaa.

Sasa nije kwenye kuficha majina, hapa ndo pananikosesha usingizi. Mtu anaandika "Shule A", anaona kaficha. Kisha anaendelea: shule ya msingi iliyopo wilaya ya Bahi, karibu na barabara ya kwenda Singida, ina bweni la watoto wenye ulemavu, mwalimu mkuu ni mwanamke mwenye shahada ya uzamili. Ndugu yangu, hiyo ukimsomea mtu yeyote pale halmashauri anakutajia jina la huyo mama kabla hujafika mwisho wa sentensi! Na chini yake kuna nukuu, mama anasema ruzuku ya elimu bila malipo, ile shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, haitoshi, kwa hiyo wanachangisha wazazi kimya kimya. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 michango ya namna hiyo imewatokea puani walimu wakuu wengi. Kwa hiyo mtafiti anapata pepa, anapanda cheo, na mama wa watu anaitwa kujieleza. Tunajisifu kwamba mwandishi anafichwa asijulikane kwa mpitiaji na mpitiaji asijulikane kwa mwandishi, ila mwalimu hatumfichi kwa Mkurugenzi wake.

Nikiwaambia waandishi waondoe vitu, waseme tu "wilaya moja ya Kanda ya Kati", waache jinsia kama hawaichambui, mpitiaji mwingine anakuja anadai muktadha zaidi, eti shule haijaelezwa vya kutosha. Wote tuna hoja, ila kati ya msomaji kukosa picha kamili na mtu kukosa cheo chake, mi nachagua msomaji akose. Na tukumbuke tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, halafu rekodi za mahojiano bado watu wanarushiana kwenye WhatsApp kwa sauti na majina kamili.

Mengine ya maadili yanajulikana, sema hayafuatwi. Jina la bosi ambaye hajaandika hata aya linawekwa la kwanza. Majarida ya kulipia yanayokuita "Mheshimiwa Profesa" wakati ndo kwanza unaandika pendekezo la masta, yanaahidi kuchapisha pepa yako ndani ya siku tatu. Mwaka 2013 John Bohannon wa jarida la Science alitunga pepa ya uongo yenye makosa ya wazi akaituma kwa majarida 304 ya mtandaoni, na 157 yakaikubali, kwa hiyo usishangae. COPE, ile kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzia Uingereza 1997, ina miongozo ya kila balaa, hadi 2023 wakasema programu za akili mnemba haziwezi kuwa mwandishi mwenza. Ukiisoma unaona kazi ya edita ilivyo, sio kurekebisha koma tu.

Mi sasa hivi kila pepa yenye shule ndani yake nauliza vitatu tu: nani alikataa kushiriki na mkamfanyaje, mtoto aliulizwa na nani, na mtu wa halmashauri akisoma hii atamjua mwalimu? Hilo la kwanza linawashinda karibu wote. Wanajibu hakuna aliyekataa, wanaliandika kama sifa.

Fomu yetu ya kuwasilisha pepa kwenye jarida ina kisanduku cha namba ya kibali, cha ridhaa hakuna. Nimemwandikia edita tukiongeze, akasema nipeleke kwenye bodi. Ajenda imeshatoka na yangu ipo chini kabisa, baada ya ada za uchapishaji na rangi ya jalada jipya.