Tafakari ya Ijumaa: Nyuki na Uani Kwetu

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Vuli iliyopita nilipanda maboga nyuma ya nyumba, hapa Ngamiani, Tanga. Yalitambaa, yakachanua, lakini kila kiboga kikifikia ukubwa wa limau kinageuka njano na kudondoka. Nikanunua dawa ya wadudu, nikawa napulizia kila nikitoka kuswali alfajiri. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Bibi wa jirani aliniona na pampu mgongoni, akacheka. "Mjukuu wangu, harusi unaitaka, na washenga unawaua?" Akaniinamisha nione. Ua dume limekaa juu ya kikonyo chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo kama gololi nyuma yake. Yanafunguka alfajiri, kabla ya adhuhuri yameshasinyaa. Saa hizo chache ndizo za nyuki kubeba ule unga wa njano, na ndizo nilizokuwa nikipulizia sumu.

Sura ya An-Nahl nimeisoma tangu chuoni, na siku zote nilikuwa nakimbilia aya ya 69, kwenye asali na shifaa. Wiki ile nikakwama kwenye ya 68: Mola anamfunulia nyuki ajifanyie nyumba milimani, na mitini, na katika yale wanayojenga watu. Makazi kwanza, kula baadaye. Na sisi tumetajwa humo! Lakini uani kwangu nilikuwa nimemwaga saruji mpaka ukutani, na nikijisifu kwa usafi.

Nikavunja kipande, upana wa mkono mmoja tu. Nikapanda mrehani na alizeti. Mke wangu anauchuma mrehani wa vikuba, vile vishada vya kunukia, kabla haujachanua, basi tumegawana: wa mlangoni wake, wa ukutani wa nyuki. Pembeni nimeacha udongo mtupu, maana wapo nyuki wanaochimba ardhini, hawajui mzinga.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Muislamu akipanda, kisha akala ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake. Kama mdudu naye yumo, hilo nawaachia masheikh. Chozi, ambaye ni ndege bila ubishi, ameshaanza kuja.

Leo baada ya alfajiri niliona nyuki watatu ndani ya ua moja, miguu imejaa unga. Bibi akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta, "Washenga wamefika?"

"Wamefika, bibi. Nimewawekea na maji kwenye kigae."