Stakabadhi ya picha ya Idd

Miaka 19 Leicester, Uingereza, nikarudi Unguja nikijigamba kwamba Mji Mkongwe naujua hata nikifungwa macho. Siku ya pili nikapotea Shangani. Kila nilipotafuta nyumba ya mtu nilikuta hoteli.

Mama alikuwa kanituma. Katoa kwenye kibweta stakabadhi iliyokunjwa mara nne: picha ya Idd, mimi, dada na marehemu baba. Tulilipa nusu, hatukwenda kuichukua tena. "Kaiulizie." Studio yenyewe siku hizi wanauza makava ya simu. Kijana wa dukani aliishika ile karatasi kama nimempa noti bandia.

Basi nikaingia Capital Art Studio, ile ya mpiga picha Ranchhod Oza, ipo tangu 1930. Hatukupiga pale, lakini miguu ilinipeleka. Kuta zimejaa picha nyeusi na nyeupe: majahazi, masultani, harusi, na Beit al-Ajaib nzima na saa yake. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, hii iko wapi?" Na tumetoka kupita mbele yake Forodhani! Jumba la Sayyid Barghash, la 1883. Mizinga ya Waingereza ya 1896 haikuliangusha, sehemu yake kubwa ikaja kuporomoka wenyewe tunaliangalia, Disemba 2020. Mimi nililiona kwenye simu, niko zamu ya Krismasi.

Lakini kilichonivuruga ni zile sura. Nilisimama karibu saa nzima natafuta pua ya baba, nikijua fika hayumo. Wazee wa makofia, bibi zetu na mabuibui, watoto wamenyooshwa kanzu za sikukuu. Nikimtazama huyu namfananisha, nikimtazama yule namfananisha pia, mpaka nikaona sura yenyewe inaanza kunitoka. Mzungu ubavuni mwangu akamnunua mzee mmoja, akaviringishwa, akatiwa kwenye bomba la karatasi, huyo akenda zake.

Hatua chache kutoka hapo kuna nyumba ya makumbusho ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, tangu 2019. Nayo imejaa picha, ila hizi zina maelezo. Jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, mzaliwa wa hapa Unguja, 1946, kaondoka 1964. Kajengewa makumbusho. Mimi niliyerudi naulizwa mlangoni, "Teksi, bosi?" Mkienda, nendeni asubuhi, makundi ya watalii hayajafika.

Jioni nikamwambia Mama studio haipo. Picha hakuiulizia.

"Na ile nusu yao, mwanangu, umemwachia nani?"